Kuhesabu ndege wa shambani: daftari la Kirongwe linaweza kutueleza nini?

Tulipokwenda Kirongwe kuandaa kipindi kuhusu kuamia mpunga, mabishano yalizuka chini ya dungu. Mzee mmoja alisema ndege wamekwisha. "Zamani ukishika jembe tu, yangeyange wanakufuata nyuma kama kuku. Siku hizi mnawaona wangapi?"

Kijana aliyekuwa juu ya dungu na kombeo lake akamjibu: "Shikamoo babu, lakini mimi nipo hapa tangu alfajiri, mkono unaniuma kwa kurusha mawe. Unasemaje wamekwisha?"

Watu wakacheka. Kisha wakatugeukia sisi watu wa redio: nani mkweli?

Hatukuwa na jibu. Inawezekana wote wawili ni wakweli. Ndege wanaokula nafaka wanaweza kuongezeka huku ndege wanaokula wadudu wakipungua, tena katika shamba lilelile. Tatizo ni kwamba hatukumpata mtu aliyewahi kuandika ni yangeyange wangapi walionekana bondeni hapo miaka kumi au ishirini iliyopita. Mzee ana kumbukumbu na kijana ana mkono unaouma, lakini hakuna hesabu.

Tangu siku hiyo tumepokea maswali mengi, ndiyo maana tumeandika makala hii. Inaeleza kwa nini ndege wanatumika duniani kupima afya ya mashamba, kanzidata ya ndege inafanyaje kazi, na mkulima mwenye simu, hata kama ni kitochi, anaweza kuanzaje.

Kwa nini ndege?

Wataalamu hutumia neno bioanuwai. Maana yake ni wingi wa aina za viumbe mahali fulani: mimea, wadudu, minyoo, vyura, nyoka, panya, ndege na wengine. Shamba lenye bioanuwai nzuri lina wadudu wa kuchavusha maua, lina maadui wa wadudu waharibifu, na lina viumbe wanaolainisha udongo. Likipoteza viumbe hao, mkulima hulazimika kununua dukani kazi ambayo zamani ilifanyika bure.

Kuhesabu viumbe wote hao ni kazi ya wataalamu na maabara. Ndege ni rahisi zaidi. Wengi huonekana mchana, wanalia, na majina yao tunayajua tangu utotoni. Zaidi ya hayo, kila ndege ana kitu anachokitegemea. Ndege wa wadudu akitoweka, tunajiuliza wadudu wamekwenda wapi. Ndege wa vichakani akitoweka, tunaangalia vichaka. Ndiyo maana ndege huitwa kiashiria. Ni kama homa kwa mgonjwa: haikuambii ugonjwa ni upi, lakini inakuambia uende ukapime.

Kanzidata ni nini?

Kanzidata ni daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta. Kila mstari wake hujibu maswali yaleyale: ni ndege gani, ameonekana wapi, tarehe gani, walikuwa wangapi, nani aliwaona, na alitumia muda gani kuangalia. Mstari mmoja peke yake hauna nguvu. Mistari elfu moja iliyoandikwa kwa utaratibu mmoja inaweza kuonyesha mabadiliko ambayo jicho la mtu mmoja haliwezi kuyaona.

Tanzania ina daftari la namna hiyo. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania ulianzishwa katika miaka ya 1980 na Neil Baker na Liz Baker, na kanzidata yake imekusanya kumbukumbu zaidi ya milioni moja kutoka kwa watu wengi. Pia kuna eBird, kanzidata ya dunia nzima iliyoanzishwa mwaka 2002 na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Yeyote mwenye simu janja anaweza kuitumia bure.

Wenzetu wa Kenya walianza ramani yao ya ndege mwaka 2013. Walifuata utaratibu uliokuwa ukitumika Afrika Kusini tangu 2007: nchi inagawanywa katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 9. Mtu huchagua mraba wake, huangalia ndege kwa saa mbili au zaidi, na kuandika kila aina anayoiona au kuisikia. Kwa kipimo hicho, kisiwa chetu kikuu cha Mafia, chenye urefu wa takriban kilomita 50, kingeingia katika miraba michache tu. Hata watu wachache wakidumu wanaweza kukiangalia chote.

Mafia si mgeni katika vitabu vya ndege. Kisiwa kimeorodheshwa miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini Tanzania. Lakini sifa hiyo imetokana zaidi na pwani, na ndege wahamiaji wanaokuja kula kwenye matope na mchanga maji yanapokupwa. Kwa nchi nzima pia, waangalizi wengi huenda kwenye hifadhi na fukwe. Shamba la muhogo, mikorosho au minazi halina mtalii wa kulihesabia ndege. Likihesabiwa, atakayelihesabu ni mwenyewe.

Waliohesabu waligundua nini?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Uingereza. Mwaka 1962, wakati hofu kuhusu dawa za kilimo ilikuwa kubwa, shirika la British Trust for Ornithology lilianzisha hesabu ya ndege wa kawaida. Waliohesabu walikuwa watu wa kujitolea: kila mmoja na eneo lake, kila mwaka, kwa utaratibu mmoja. Hesabu hizo ndizo zilizoonyesha kwamba ndege wa mashambani wa nchi ile wamepungua kwa takriban asilimia 60 tangu mwaka 1970. Serikali yao ikaamua kutumia aina 19 za ndege wa mashambani kama kipimo rasmi cha hali ya vijijini.

Sababu zilizopatikana ni za kilimo: ua wa miti ulikatwa ili mashamba yawe makubwa, majira ya kupanda yalibadilika, na dawa za kuua magugu na wadudu ziliondoa chakula cha ndege. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliounganisha hesabu za nchi 28 za Ulaya kwa muda wa miaka 37. Ulionyesha kwamba ndege wa mashambani wamepungua zaidi ya nusu, na kwamba sababu kubwa ni kilimo cha kutumia dawa na mbolea kwa wingi.

Mafia si Ulaya, na mashamba yetu hayafanani na yao. Kwa hiyo tuangalie karibu zaidi.

Magharibi mwa Kenya, karibu na msitu wa Kakamega, watafiti walilinganisha ndege wa mashamba madogo ya mchanganyiko na wa mashamba ya miwa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba shamba la mchanganyiko, lenye miti, vichaka na mazao ya aina nyingi, hubeba aina nyingi sana za ndege. Hata hivyo ndege wa msituni hasa hawakuhamia shambani. Hao wanahitaji msitu wenyewe. Uganda nako, Chuo Kikuu cha Makerere kina benki ya taifa ya takwimu za bioanuwai, na ndege wa mashambani wamehesabiwa huko. Jambo lilelile limeonekana: miti inapopungua shambani, aina za ndege hupungua.

Hii ni habari njema kwa Kirongwe. Mnazi, mkorosho, mwembe, muhogo na kunde katika shamba moja ni mchanganyiko wa aina hiyo. Kilimo cha babu zetu huenda kinawalinda ndege kuliko tunavyodhani. Lakini neno "huenda" halitoshi. Tunahitaji hesabu.

Ndege wote ni marafiki?

Hapana, na hatutamdanganya mkulima wa mpunga. Mnana wanakula mpunga. Bara, makundi ya kwelea humaliza shamba zima, na Serikali hulazimika kutuma ndege za kunyunyizia dawa. Anayekaa kwenye dungu mwezi mzima hana haja ya kuambiwa kwamba ndege ni mapambo.

Lakini kuwaweka wote kapu moja kuna gharama. Mwaka 1958 China ilianzisha kampeni ya kuua shomoro kwa sababu walikula nafaka. Shomoro waliuawa kwa wingi mno, na wadudu waliokuwa wakiliwa nao wakaongezeka. Kufikia 1960 viongozi walimwondoa shomoro kwenye orodha ya maadui na kumweka kunguni mahali pake. Hata mnana anayekula nafaka huwalisha makinda wake wadudu.

Gharama kubwa zaidi ni sumu. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwenye mashamba ya mpunga, watafiti waliandika jinsi ndege walivyotegwa kwa dawa ya wadudu ya carbofuran, kisha nyama yao ikauzwa na kuliwa na watu. Tunasema wazi: usiweke sumu kwa ndege, na usile ndege uliyemkuta amekufa. Dungu, kombeo na kelele vinachosha, lakini havimfuati mtoto wako mezani.

Ndege wanane wa kuanzia

Huhitaji kujua ndege wote. Anza na wale usioweza kuwakosea. Majina hutofautiana kijiji kwa kijiji, kwa hiyo tumeweka na alama zao.

Yangeyange: mweupe, hufuata ng'ombe na jembe. Anakula panzi na wadudu wengine wanaofurushwa. Hutueleza kuhusu wadudu wa majanini.

Mbayuwayu: huruka kasi akikamata wadudu angani. Wengine huja kutoka Ulaya na Asia wakati wa kaskazi, kisha hurudi. Andika tarehe ya kwanza unapomwona.

Keremkerem: mwembamba, rangi nyingi, mdomo mrefu uliopinda kidogo. Anakula nyuki, nyigu na wadudu warukao.

Chozi: mdogo sana, mdomo kama sindano iliyopinda, hunyonya maua. Hutueleza kuhusu maua na uchavushaji.

Shore: kahawia, kichwa cheusi, mwenye kelele asubuhi. Anakula matunda na kusambaza mbegu. Kwa kuwa ni wa kawaida mno, akipungua ni jambo la kuuliza.

Hua na njiwa wengine: huokota mbegu chini. Mbegu zilizopakwa dawa zikiachwa juu ya udongo, hao ni miongoni mwa wa kwanza kudhurika.

Dudumizi, wengine humwita tipitipi: mkubwa, mabawa ya rangi ya kutu, hujificha vichakani na sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kwenye chupa. Hutueleza kama vichaka bado vipo.

Bundi: wengi wanamwogopa na kumfukuza. Lakini anakula panya. Kumsikia usiku nako ni kumbukumbu, andika.

Ongeza mmoja wa tahadhari: kunguru mwenye shingo ya kijivu. Huyu ni kunguru wa India, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na sasa ni kero kubwa Dar es Salaam. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Usimchanganye na kunguru wetu mwenye kifua cheupe. Ukimwona mwenye shingo ya kijivu, andika mahali na tarehe, piga picha ukiweza, na umjulishe afisa ugani au mtendaji wa kijiji.

Jinsi ya kuhesabu

Kwanza, chagua njia moja. Kwa mfano kutoka mlangoni, kupita chini ya minazi, hadi bondeni. Usiibadilishe.

Pili, chagua muda. Tunapendekeza nusu saa kuanzia jua linapochomoza, mara mbili kwa mwezi. Ndege huwa wachangamfu wakati huo.

Tatu, tembea polepole na uandike kila ndege unayemtambua, kwa kumwona au kumsikia. Tia alama ya "S" kwa uliyemsikia tu. Usibahatishe. Usiyemjua mwandike "sijui" na ueleze rangi na mdomo wake.

Nne, usiache kuandika siku ambayo hujaona kitu. Sufuri ni jibu. Mtu akiandika siku nzuri tu, daftari lake litaonyesha kwamba ndege wako tele hata kama wanakwisha.

Tano, andika hali ya shamba: mvua, upepo, moto, mti uliokatwa, ng'ombe waliopita, na hasa dawa iliyopuliziwa na tarehe yake. Hata salfa ya mikorosho iandike. Bila maelezo haya tutajua ndege wamepungua, lakini hatutakuwa na pa kuanzia kutafuta sababu.

Kurasa za daftari ziwe na mstari kama huu: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, njia, jina la ndege, idadi, ameonekana au amesikika, hali ya shamba.

Kutuma kwenye kanzidata

Mwenye simu janja anaweza kupakua programu ya eBird. Fanya hivyo ukiwa mahali penye mtandao mzuri, pamoja na orodha ya ndege wa eneo lako. Baada ya hapo unaweza kuandika ukiwa shambani bila mtandao, na kutuma baadaye ukipata bando. Majina mengi humo ni ya Kiingereza na ya kisayansi, kwa hiyo mara ya kwanza kaa na mwalimu au kijana mnayeweza kusaidiana. Kumbukumbu zisizo za kawaida huangaliwa na wahakiki, nao wanaweza kukuomba picha au maelezo. Usikasirike, ndivyo daftari linavyobaki la kuaminika.

Mwenye kitochi hajaachwa. Daftari la karatasi linatosha. Kila mwisho wa mwezi mtu mmoja mwenye simu janja anaweza kuingiza kumbukumbu za wenzake, kwa sababu eBird hupokea pia hesabu za siku zilizopita. Karatasi yenyewe usiitupe.

Kusoma matokeo

Tuchukue mfano wa kufikirika. Unahesabu mara 24 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza yangeyange anaonekana mara 18. Hiyo ni asilimia 75. Mwaka wa tano anaonekana mara 6, yaani asilimia 25. Hapo mzee wetu ana ushahidi mkononi.

Lakini kabla ya kupiga kelele, jiulize. Je, njia ni ileile? Saa ni zilezile? Umelinganisha masika na masika, au masika na kiangazi? Aliyehesabu ni yuleyule, au mwingine asiyejua sauti? Je, ng'ombe wamehamishwa, na yangeyange wamewafuata? Na majirani wameona vivyo hivyo? Daftari moja linaweza kudanganya. Madaftari matano yanayosema jambo moja ni vigumu kuyapuuza, iwe ni kwa afisa ugani au kwenye mkutano wa kijiji.

Maswali mliyotuuliza

Nitalipwa? Hapana. Ni kazi ya kujitolea, kama ilivyo kwa wengi duniani. Faida utakayoipata mapema ni kulijua shamba lako, pamoja na kujua ni wiki zipi makundi ya wala mpunga hufika, ili mjipange kuamia kwa zamu.

Nikiandika ndege wengi, shamba langu litageuzwa hifadhi? Swali hili tumelisikia zaidi ya mara moja, na katika wilaya yenye Hifadhi ya Bahari tangu 1995 halishangazi. Orodha ya ndege haibadilishi umiliki wa ardhi. Maeneo hutengwa kwa taratibu za kisheria. Hata hivyo kumbukumbu za eBird huonekana na watu wengine. Kubalianeni kwanza kijijini, na kama una wasiwasi taja kijiji badala ya kuonyesha shamba lako hasa. Viota vya ndege adimu pia visitangazwe.

Nikikuta ndege wengi wamekufa? Usiwashike kwa mikono mitupu na usiwape kuku wala paka. Waweke watoto mbali, andika mahali na idadi, na umwite afisa mifugo au afisa kilimo. Inaweza kuwa sumu au ugonjwa.

Kama bado hujaamua, anza na ndege mmoja. Mwandike yangeyange peke yake, mara mbili kwa mwezi, kuanzia msimu huu wa kulima. Yule mzee na yule mjukuu wake tumekubaliana nao hivyo: mmoja anajua sauti na majina, mwingine ana macho makali na simu. Daftari ni moja. Msimu wa mavuno tutarudi Kirongwe, tutaomba kuliona, na tutawasomea redioni walichoandika, hata kama ni sufuri.